Bomba la Mzee Mbijima

Katika Dodoma ya wakati ule wa uhaba wa maji, bomba lilifunguliwa tu kwenye nyumba yenye mgonjwa wa mawe ya figo, ili anywe maji mengi jiwe litoke na mkojo. Mtaa mzima ulichota kwa Mzee Mbijima.

"Shikamoo mzee! Jiwe halijambo?" majirani walimtania, ndoo mikononi.

Asubuhi moja maumivu yalimshika kiunoni, yakateremka hadi kinena, jasho likamtoka. Nyemo, mke wa mwanawe, akaleta jagi la maji. "Baba, jiwe limeshuka. Ukinywa haya yote, litatoka leo."

"Na bomba?"

"Watu wa idara ya maji watalifunga."

Mzee akanyoosha mkono, akausitisha, akangoja aambiwe, "Kunywa, baba." Nyemo alikuwa amekwishageuka na jagi lake, akiwaita watoto waje na vikombe.