Kunde za Kindi

Kindi alibakiwa na kibaba kimoja tu cha kunde za mbegu. Kabla ya kupanda alitaka kunde zikauke vizuri, paa lizibwe na mfereji uchimbwe. Lakini masika yalianza kwa vituko. Jua likitoka, Kindi alianika kunde na kukimbilia juu ya paa. Wingu likipita, alishuka mbio kuanua. Akimaliza kuanua, jua hilo!

Jirani yake Fuko, asiyeona hata pua yake, alimtania kutoka shimoni. "Dada, leo umepanda nini?"

"Nimepanda paa!" Kindi alifoka. "Wewe huoni mawingu, ndiyo maana huna wasiwasi."

"Ndiyo maana shamba langu limeshalimwa."

Siku ya tatu mvua ilimkuta juu ya paa. Kunde zikalowa chepechepe. Kindi alizifunika kwa gunia, akalia siku mbili bila kuzitazama.

Fuko alikuja kumpa pole. Akaingiza mkono chini ya gunia, akaangua kicheko.

"Kaka, unacheka msiba wangu?"

"Njoo ushike, dada. Zimeota mikia!"

Kweli, kila kunde ilikuwa imetoa kijizizi cheupe.

"Wenzako huziloweka makusudi kabla ya kupanda," Fuko alisema.

Kindi alitazama paa lililotoboka, kisha wingu zito lililokuwa likija.

"Nichimbie mashimo, kaka. Upesi!"

Mvua iliwakuta kwenye tuta la pili. Waliendelea kupanda huku wakicheka, matope hadi masikioni.