Muda wa Nyongeza wa Mbuni

Mbuni dume alikuwa mshambuliaji hodari wa kandanda, na nyumbani alikuwa na kazi moja tu: kulalia mayai usiku, ili mkewe aliyeyalalia mchana kutwa bila kula aende malishoni. Siku ya nusu fainali jua lilizama, naye hakutokea. Mke akamtuma Kanga akamwite.

Kanga alirudi akihema. "Dada, shemeji anasema wametoka sare, wameongezewa muda. Uvumilie kidogo."

"Kauongeza nani?"

"Mwamuzi, Korongo."

"Korongo ana mayai hapa?"

Dume alifika usiku akicheka. "Tumeshinda, mama watoto! Kesho fainali!"

Mke aliinuka, miguu imekufa ganzi, akaenda zake.

Asubuhi hakurudi. Filimbi ya fainali ikalia uwanjani. Dume alitaka kuinuka, lakini Mbweha alikuwa amekaa pembeni akiyatazama mayai.

"Mama watoto!" akapiga kelele. "Zamu yangu imekwisha!"

"Imekwisha sare," mke akajibu kutoka malishoni, mdomo umejaa majani. "Tumeongeza muda."

"Kauongeza nani?"

"Mimi. Na penalti bado."