Feni Iliyokoroma

"Betri badilisha, memori ongeza. Kioo kiache, huo ufa nimeshauzoea," mwalimu alimwambia fundi, akaketi kuisubiri laptopu ya marehemu mama yake.

Fundi alipoiwasha, iliwaka kufumba na kufumbua, ikatulia tuli kama maji mtungini.

"Na feni nimekuwekea mpya, dada. Bure kabisa! Ile ilikuwa inakoroma kama mzee aliyeshiba."

Mwalimu akainama, akatega sikio juu ya kibodi. Utotoni, mama alipokuwa akichapa kazi za watu jikoni, mkoromo ule ulipenya ukutani, naye akavuta shuka akijua mama yu macho, hakuna baya litakalopita mlangoni.

"Kaka, umeitupa wapi?" aliuliza, mikono imeshazama kwenye ndoo ya vyuma chakavu.