Ukanda wa Kung'atia

Anselme, mwoka mikate, alibisha hodi mchana, amevaa suti ya harusi na mguu mpya wa mti.

"Bwana Daktari, huu umenizidi urefu. Binti yangu anaolewa leo, nami nataka kucheza. Seremala keshalewa."

Daktari Mercadier, mpasuaji mstaafu wa jeshi la Ufaransa, hakuwa ameugusa msumeno wake tangu vita viishe. Ndio uliomkata Anselme mguu wa nyama. Aliutoa sandukuni, akaufuta taratibu, akamkalisha mgeni. Kisha, bila kufikiri, akamtia ukanda wa ngozi mdomoni, kama alivyomfanyia kila askari kabla ya kumkata.

Wakatazamana.

"Huu ni mti tu, Daktari," alisema Anselme, akiutoa ukanda mdomoni. Aliugeuzageuza, akapapasa alama za meno ya watu. "Yangu yamo humu?"

"Yamo."

Anselme akaurudisha mdomoni, akaung'ata, akaitikia kwa kichwa.

Daktari akakata. Unga wa mbao ukamwagika juu ya viatu vyake, mweupe na mkavu. Akasita kidogo, akiutazama, na nyuma ya ukanda mwoka mikate alikuwa akicheka.