Ahadi ya Baba Ukutani

Siku hizi mtu akifa, ahadi zake hubaki kwenye ukuta wa duka lake, zikitamkwa kwa sauti yake mwenyewe mpaka mrithi azikubali. Akikataa, sauti inafutwa.

Baba alituachia duka la mikate na ahadi moja: "Ndirangu, utaoka hapa mpaka uzeeke." Na huyo Ndirangu anaunguza mikate hadi wateja wanatukimbia.

Dada yangu Tirza, ndiye mrithi, akamwita Rabi Nehemia.

"Walishikana kitambaa, kama desturi yetu ya kufunga mapatano?" Rabi akauliza.

"Hapana, Rabi. Walikunywa chai tu."

"Basi ni neno tupu, na neno tupu la marehemu halimfungi mrithi. Torati inakuruhusu kukataa."

"Kataa, dada," nikamchokoza, "ama tubadilishe kibao, tuuze makaa."

"Wee Elazari, nyamaza." Tangu matanga, Tirza hajafungua duka bila kuusalimia ule ukuta. Akabonyeza kitufe cha kukubali.

"Asante sana, mwanangu," ukuta ukajibu kwa sauti ya baba.

Tukatazamana. Baba yetu, maisha yake yote, hakuwahi kumwambia mtu asante.