Nyayo za Arobaini

Siku hizo kila nyumba ilipata umeme kwa nyayo za waliomo, zilizokanyaga vigae vya sakafu. Wasiotembea walikaa gizani. Mtoto wa Zuwena alizaliwa njiti, akalazwa kwenye kisanduku cha joto, nacho kilitaka watu wa kukanyaga sakafu bila kukoma. Mzazi mwenyewe, kwa ada, hakuruhusiwa kushuka kitandani kabla ya arobaini. Wanawake wa mtaa wakaja kumchezea vugo, ngoma yao ya kugonga pembe, kwa zamu.

"Bi Tunu, unanyata kama mwizi wa kuku!" alidhihaki Salha, wifi yake Zuwena.

"Nyamaza! Kisigino changu kimoja chawasha mtaa, chako hakichemshi hata chai!"

Pembe zililia, visigino vikashuka, vigae vikang'aa hadi kuta zikawa rangi ya asali. Zuwena alitazama toka kitandani kupitia mlango ulio wazi, machozi yakimlenga. Mwanawe alikuwa anaishi kwa ngoma!

Siku ya arobaini, Salha alimtoa mtoto kisandukuni akamgusisha miguu chini, awe mtu wa nyumba. Chini ya unyayo mdogo kama kidole gumba, kigae kikawaka.

Vigelegele vikapaa. Zuwena alimnyakua mwanawe, akaifunga ile miguu ndani ya kanga.

"Mwacheni kwanza abebwe," alisema.