Sekela na Unga Ulioumuka

Siku hizi mzazi haruhusiwi kujibu maswali ya mtoto. Maswali ni ya Sikio, kile kidude cheupe cha ukutani. Swali likilipendeza, Sikio humchagulia mtoto kazi ya kisayansi na shule ya kumfikisha huko. Mzazi akiwahi kujibu, nafasi imepotea.

Jana jioni binti yangu Sekela alifunua bakuli la unga wa maandazi.

“Mama, mbona unga umenenepa?”

Jibu nilikuwa nalo mdomoni: hamira ina uhai, inakula sukari na kupumua. Nilijifunza hayo katika darasa la jioni, huku nikimnyonyesha yeye huyohuyo.

“Uliza ukutani, mwanangu.”

“Ukuta haupiki maandazi! Wewe ndiye unayepika.”

“Mimi sijui.”

Akanitazama kwa huruma, kama anayemwangalia mgonjwa. Kisha akauliza ukutani. Taa ya kijani ikawaka, Sikio likatangaza kazi yake: mtaalamu wa vijidudu. Nikapiga vigelegele hadi majirani wakaitikia.

Sekela akanishika mkono wenye unga.

“Usijali, Mama. Nikikua nitakufundisha.”

Tangu asubuhi anauliza maswali chungu nzima, yote ukutani. Mimi nakanda unga, nasikiliza.